Mabomba Manane ya Bi Kuruthumu

Watu wa Mtaa wa Mahiwa walimjua Kuruthumu binti Bushiri kwa sauti kabla ya sura. Siyo sauti ya koo lake, ingawa nayo haikuwa haba. Ni sauti ya nyundo. Ukiingia mtaa ule asubuhi kutokea upande wa soko, kabla hujaifikia nyumba yenye baraza la saruji lililopasuka, utasikia ko, ko, ko, kisha kimya, kisha ko moja peke yake. Ile ya peke yake ndiyo yake hasa. Hapo alikuwa hafanyi kazi ya mkono, alikuwa anasikiliza.

Alikuwa fundi bati. Mwanamke, ndiyo, na fundi bati. Na kama jambo hilo linakukera, kaa chini ukereke vizuri, maana wenzako walianza zamani na yeye hakuacha. Ndoo, karai, koroboi, birika, vyote vilitoka kwenye mikono ile yenye makovu madogo madogo ya mkasi. Kazi aliirithi kwa baba yake, Mzee Bushiri, ambaye alikuwa na namna yake ya kupima ndoo. Wenzake wakimaliza ndoo huitia maji wakaona kama inavuja. Yeye aliigonga kitako kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa. Mshono ukikaza, ndoo inalia safi. Ukilegea hata kwa upana wa unywele, sauti inaingia ukungu. Na ndoo kuukuu zikiletwa kutiwa kitako kipya, aligonga mara moja akasema, hii imeliwa tumbo. Bati likilika katikati kwa miaka ya kukwaruzwa na kata ya kuchotea maji, sauti yake hushuka, huwa nzito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kuruthumu alikuwa na miaka minane alipoanza kuzitambua ndoo zilizoliwa tumbo, na baba yake hakumsifu, alimsogezea nyingine.

Mzee alipofariki, mwaka sabini na moja, baba zake wadogo walikuja barazani hata arobaini haijafika. Wakasema vyombo vya kazi apewe mwanamume. Kuruthumu akaingia ndani, akatoka na ndoo mbili, akazigonga zote mbili mbele yao, akauliza ipi inavuja. Wazee wakatazamana. Akaichukua nyundo ya baba yake akaiweka mapajani, chai ikaletwa, mazungumzo yakaishia hapo. Kuhusu mambo mengine ya maisha yake hakuna mengi ya kusimulia. Aliolewa mara moja, akaachika mara moja, akasema imetosha.

Sasa twende kwenye mwaka themanini na tatu, mwaka mgumu kama mfupa. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, unga wenyewe ule wa njano tuliouita Yanga. Lakini kwa Kuruthumu shida kubwa ilikuwa bati. Bati lilitoka kwa kibali, na kibali kilitoka kwa mwenye kujuana na mtu, na yeye hakujuana na mtu. Mwezi wa saba, wa nane, wa tisa, hakugusa bati jipya hata moja. Aliziba matundu ya ndoo za mtaa mzima mpaka matundu yakaisha. Baraza lililokuwa linang'aa kwa ndoo mpya likabaki na mwanamke mmoja wa miaka arobaini na minne, kigoda, nyundo na jiliwa la baba yake la kubania vyuma.

Na hapo ndipo ikaja Nguvu Kazi. Tangazo lilipita redioni, likapita kwenye gari lenye kipaza sauti, likapita mdomoni mwa kila mtu: mkazi wa mji awe na kitambulisho cha kazi. Asiye na kazi ni mzururaji, na mzururaji anapandishwa lori anarudishwa kijijini kwao akalime. Sikatai, jembe ni jembe, na kula tunakula sote. Lakini kijijini kwao Kuruthumu ni wapi? Babu yake amezikwa makaburi ya Kisutu, hapa hapa mjini, na baba yake ubavuni mwa babu. Kwao ni lile baraza lililopasuka. Wangempeleka wapi, wakamshushe kwa watu asiowajua na jembe ambalo hajalishika tangu azaliwe?

Kamati ya Nguvu Kazi ingepita Mtaa wa Mahiwa Jumatatu. Hilo lilijulikana wiki tatu kabla, maana balozi wa nyumba kumi, Sadalla, alishaanza kuzunguka na daftari lake. Kuruthumu alijua vizuri kamati itaona nini ikifika kwake. Itaona mtu amekaa. Mafundi wenzake wa mitaa ya Gerezani walikuwa na barua za ushirika. Ushirika haukumwandika yeye, na sababu unaijua. Alihitaji karatasi moja tu yenye mhuri, ya mtu yeyote mwenye akili zake, inayosema kwamba fundi huyu anatengeneza kitu na sisi tunakihitaji.

Karatasi hiyo ilianzia kwenye koroboi. Mwalimu Gaudens, kijana wa Kichaga kutoka Kibosho, alifundisha kuimba katika shule ya msingi mtaa wa pili. Alileta koroboi yake ilehemiwe, akasalimia shikamoo mama, akakaa kusubiri. Kuruthumu alikuwa anagonga ndoo ya jirani. Mwalimu akasema, bila kuulizwa, kwamba hiyo ni fa. Kuruthumu akamwambia ndoo haina fa, ina mshono. Mwalimu akacheka, akatoa mfukoni kitu mfano wa uma, chuma chenye mpini mfupi na meno mawili, akakigonga gotini na kuusimamisha mpini juu ya kigoda. Kikatoa sauti nyembamba, iliyonyooka. Hii ni la, akasema. Leo ni la, kesho ni la, mtondogoo ni la, na wanakwaya wa dunia nzima wanaipokea hiyo hiyo. Kuruthumu aliomba kukigonga mwenyewe. Akakigonga mara tano.

Basi wakaanza kuongea. Shuleni kulikuwa na kinanda, mchwa wamekila mpaka kimebaki meno. Kipya hakipatikani, fedha za kigeni zina kazi nyingine. Watoto mia mbili wanafundishwa do re mi kwa mdomo wa mwalimu, na mdomo wa mwalimu ukiwa na mafua, darasa zima linaimba mafua. Kuruthumu akauliza zinatakiwa sauti ngapi. Nane, kutoka do ya chini mpaka do ya juu. Akauliza kama chuma cha aina yoyote kinafaa. Mwalimu hakujua. Akauliza kama shule inaweza kumwagiza kwa barua yenye mhuri, fundi Kuruthumu binti Bushiri, atutengenezee. Mwalimu akasema atamwomba mwalimu mkuu, ila sauti ziwe za kweli. Akamwachia ule uma.

Bati hakuwa nalo, lakini darini kulikuwa na vipande viwili vya bomba la maji, kila kimoja futi tisa. Mzee Bushiri aliviweka huko kwa ajili ya bomba la uani, siku halmashauri itakapowaunganishia maji. Miaka kumi na minne vilikuwa vinasubiri. Kuruthumu alivishusha, akavifuta vumbi, akamwambia marehemu amsamehe, maji hayaji.

Alikata kipande cha kwanza kwa kipimo cha mkono wake, kutoka kwapani hadi ncha ya kidole. Akakiweka juu ya jiliwa, akagonga, kikatoa mlio wa kijiko. Akakishika katikati, kikafa kabisa. Akakishika kwenye ncha, hivyo hivyo. Nusura amtukane mwalimu na wanakwaya wake wa dunia nzima. Kisha akakilaza juu ya vidole viwili, kimoja huku na kimoja kule, akawa anavisogeza polepole huku anagonga kwa fimbo aliyoifunga kipande cha kandambili. Vidole vilipofika karibu na robo ya urefu, pungufu kidogo kutoka kila ncha, bomba likaimba. Likaimba mpaka jirani akachungulia. Pale pawili palikuwa mahali ambapo chuma chenyewe hakitikisiki, ukikishika hapo ni kama hujakishika. Akatia alama kwa chaki, na tangu siku ile kila bomba alililaza juu ya mpira wa baiskeli kwenye alama zake mbili.

Hilo likawa do. Mwalimu aliimba akishuka kutoka kwenye la ya uma mpaka do, na Kuruthumu akakwangua ncha kwa tupa hadi wakakutana. Kila alipofupisha, sauti ilipanda.

Kosa lililofuata ni kosa la fundi bati, na ningelifanya hata mimi. Mwalimu alimweleza kwamba do ya juu ni mtoto wa do ya chini. Kwenye waya wa gitaa ukibana katikati unampata. Sawa. Kwa fundi bati nusu ni nusu: debe na nusu debe, kibaba na nusu kibaba. Kuruthumu akapima mkono mwingine kamili, akakata katikati bila kusita. Akagonga. Kile kipande kikapiga kelele ya juu isiyo na adabu, ikapita do ya juu na kuendelea. Mwalimu mwenyewe alishika kichwa. Bomba linalogongwa siyo waya, wala siyo debe. Ukilikata nusu linaruka mara mbili ya pale ulipotaka lifike. Vipande viwili vimeharibika, na zaidi ya lile lililobaki, bomba jingine hakuna.

Mtu mwingine angeacha. Kuruthumu aliamua kutomwamini mtu tena, si mwalimu si gitaa, ila chuma chenyewe. Kila sauti alianza na kipande kirefu kuliko alivyodhani, akakipunguza upana wa kidole, akagonga, akapunguza nusu ya kidole, akagonga, huku mwalimu akija jioni na kuimba. Vipimo akavichora ukutani kwa chaki. Do ya juu haikuwa nusu, ilikuwa sehemu saba kati ya kumi. Alifurahia jambo hilo kuliko alivyofurahi siku ya harusi yake, na alilisema wazi mbele ya watu.

Aliibakiza la iwe ya mwisho. Zile nyingine zingeweza kubishaniwa na masikio ya mtu, lakini la ilikuwa na shahidi, ule uma. Alikuwa amegundua kwamba ukigonga bomba na uma kwa pamoja, na sauti zikikaribiana bila kufikiana, zinatetema: wau, wau, wau. Zikizidi kukaribiana, mtetemo unapungua kasi. Zikifikiana, unalala. Jumamosi alasiri, siku mbili kabla ya kamati, la ilikuwa kwenye jiliwa na mtetemo umeshakuwa wa taratibu sana. Ilibaki kukwangua kidogo, kama kukuna.

Ndipo akaja Sadalla na daftari lake.

Sadalla alikuwa karani bandarini, mjane, mtu mwema wa aina ile inayochosha. Alikaa bila kukaribishwa, akamweleza hali. Mtaani ilisemwa kwamba mke wa mfanyakazi haulizwi kitambulisho. Anaandikwa mama wa nyumbani, kamati inapita.

"Nikuandike kwangu," alisema. "Mke wa Sadalla. Karatasi tu. Wakishapita, kila mtu na mlango wake."

Kuruthumu aliendelea kukwangua. Alisema ahsante, hapana, anangoja barua ya shule. Sadalla angenyamaza hapo wangeachana salama. Lakini aliutazama ule mstari wa mabomba, akatabasamu kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoharibu.

"Debe tupu haliachi kuvuma, Bi Kuruthumu. Huo ni mchezo wa watoto. Nani atauita kazi?"

"Debe tupu ndilo linalouzwa, Balozi. Lililojaa lina mwenyewe." Mkono wake ulikuwa unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. "Na mimi si mke wa karatasi. Nilikuwa mke wa kweli, na hilo lenyewe halikunifaa."

Alimwambia na mengine, ya marehemu na ya walio hai, ambayo Sadalla hakustahili yote. Balozi akaondoka akitikisa kichwa. Tupa ilikuwa haijasimama. Kuruthumu akaifungua la kutoka kwenye jiliwa, akaigonga, akausimamisha uma. Wau, wau, wau, wau. Kasi imerudi. Akadhani bado, kisha akagonga tena, akasikiliza vizuri. Kwa sauti, bomba halikuwa chini ya uma tena. Lilikuwa juu. Alikuwa amepita.

Hasira hasara, tulifundishwa sote, na somo hilo tumefeli sote. Chuma kilichokatwa hakirudi. Kipande kilichobaki kilikuwa cha shibiri moja, hakikutosha kutoa la nyingine, na bomba la kununua halikuwepo mji mzima kwa mtu kama yeye. Aliketi pale mpaka adhana ya magharibi, tupa ikiwa bado mkononi.

Jumapili Mwalimu Gaudens alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, na barua alikuwa nayo kwenye mkoba. Imepigwa chapa, ina mhuri wa shule, ina jina lote la Kuruthumu. Akagonga mabomba moja moja na uso wake ukawa unang'aa, mpaka alipofika la. Akagonga tena. Kisha akasema polepole kwamba saba ni safi kabisa, na hiyo moja watoto hawataijua, na kamati ndiyo kabisa. Mama achukue barua. Akaitoa.

Barua ile ilikuwa ndiyo mji wake, baraza lake na makaburi yake mawili ya Kisutu, na ilikuwa umbali wa mkono. Kuruthumu aliitazama.

"Ningekuuzia koroboi inayovuja, ungenishukuru?"

Mwalimu akasema si sawa na hilo. Kuruthumu akamwambia ni hilo hilo, tena hii ni mbaya zaidi, maana watoto mia mbili watajifunza la ya uongo na kwenda nayo uzeeni, na kila atakayeijua atasema yule mwanamke wa Mahiwa hakuweza. Barua arudi nayo, aje kesho saa mbili, aikute la imetengenea au asiikute. Mwalimu aliuliza itatengeneaje. Akamjibu hajui. Hivyo ndivyo alivyokuwa, na wako waliomwita mpumbavu siku ile. Mimi simo.

Jumatatu aliswali alfajiri, akaenda uani kuchota maji. Ndoo ya uani ilikuwa moja ya zile za baba yake, kuukuu, yenye umri mkubwa kuliko wapangaji wote wa nyumba ile. Kata ikagonga kitako. Du. Sauti nzito, ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kuruthumu akasimama na kata mkononi. Akaigonga tena ndoo ile kwa kifundo cha kidole.

Imeliwa tumbo.

Kufupisha ncha kunapandisha. Sawa. Lakini bati likilika katikati, sauti hushuka. Alilijua hilo tangu ana miaka minane, akalisahau kwa kuwa bomba si ndoo. Aliacha maji pale pale. Akaibana la kwenye jiliwa, akaigeuza, na badala ya ncha akaweka tupa katikati, upande wa chini, akakwangua mara kumi kwa hesabu. Akailaza kwenye mipira, akagonga pamoja na uma. Wau, wau. Akakwangua mara kumi tena. Waau. Mara tano. Jua lilikuwa linagusa mapaa. Mara tatu, bila hasira, bila kuzungumza na mtu. Akagonga.

Mtetemo ulilala. Sauti mbili zikawa moja, ikanyooka mpaka ikaisha yenyewe. Alilia kidogo, na ungemkuta angekana.

Kamati ilifika saa moja na nusu, nusu saa kabla ya mwalimu. Walikuja na lori, wanamgambo wanne na afisa mmoja, Ndugu Aristides, mwenye kalamu mbili mfukoni na macho ya mtu aliyekosa usingizi wiki nzima. Kwenye lori walishakaa watu, kimya, wengine na mabunda yao. Sadalla alitembea pembeni ya afisa na daftari lake. Nyumba kwa nyumba jina lilisomwa, kitambulisho kikatazamwa. Walipofika kwenye baraza lililopasuka, afisa hakuinua hata uso kutoka kwenye orodha aliyopewa na balozi.

"Kuruthumu binti Bushiri, mke wa Sadalla, mama wa nyumbani. Hakuna tatizo." Akageuza ukurasa, akaanza kuondoka.

Sadalla alikuwa anatazama chini. Alikuwa amemwandika, pamoja na yote aliyoambiwa. Huenda alifanya kwa wema. Mimi sikuwa moyoni mwake. Na Kuruthumu alikuwa na kazi moja tu ya kufanya pale, kunyamaza. Anyamaze hatua kumi za afisa, na mji ni wake. Wanawake wangapi walinyamaza mwaka ule, na nani wa kuwalaumu? Jirani yake alishaanza kumkonyeza.

"Ndugu Afisa," alisema Kuruthumu. "Rudi."

Aristides akarudi.

"Mimi si mke wake. Aliniuliza nikakataa. Futa."

Afisa alimtazama Sadalla, Sadalla akazidi kutazama chini. Kisha afisa akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kumwombea, "Mama, nikifuta hapa huna mume na huna kitambulisho. Na lori lile pale. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Futa kwanza, ndipo tuongee kazi."

Akafuta. Mwanamgambo mmoja akasogea. Aristides akauliza kazi gani, na Kuruthumu akaonyesha mabomba manane juu ya fremu yake ya mbao. Afisa alishusha pumzi. Akasema wahenga walinena kazi mbaya si mchezo mwema, na hapa yeye anaona mchezo mwema. Vyuma chakavu vimepangwa. Kila mtu aliyemkuta leo ana kitu alichokipanga. Kuruthumu hakubishana naye. Alimwekea uma mkononi, akamwonyesha namna ya kuugonga gotini, akamwambia huo umetengenezwa kiwandani ng'ambo, na bomba la sita limetengenezwa hapa. Agonge vyote pamoja asikilize.

Kabla afisa hajagonga, Kuruthumu aliinama mferejini akaokota kidonge cha udongo mbichi, akakibandika kwenye ncha ya lile bomba. Afisa akagonga. Wau, wau, wau.

"Umesikia vinavyogombana?"

Akasikia. Kuruthumu akaubandua udongo, akaifuta ncha kwa kanga yake.

"Gonga sasa."

Aristides akagonga. Sauti ikatoka moja, ikasimama hewani juu ya baraza lile, haina doa. Akagonga tena. Mara ya tatu alimwita mwanamgambo aje asikilize, na yule mwanamgambo akaegemeza bunduki ukutani ili agonge mwenyewe. Kwenye lori mtu mmoja alisimama kuchungulia. Afisa aliuliza uzito wa kidonge kile ni nini, si chochote, na kimegombanisha vyuma viwili? Kuruthumu akamwambia ndiyo kazi yenyewe hiyo. Kugonga anaweza hata mtoto. Kujua wapi panakwanguliwa, na lini uache, amekaa kwenye kigoda hiki tangu ana miaka minane.

Mwalimu Gaudens alitokea wakati huo anakimbia, mkoba ubavuni, akidhani amechelewa. Hakuuliza kitu. Aliigonga la kwa fimbo ya kandambili, akasikiliza, akaishika tumbo kwa kidole akaikuta ile sehemu iliyokwanguliwa, akamtazama Kuruthumu kwa muda. Ndipo akatoa barua na kumkabidhi afisa. Aristides aliisoma yote, mpaka mhuri. Akachomoa fomu mpya ya kitambulisho.

Akaandika jina. Penye kazi aliandika fundi, akasita, akauliza fundi wa nini. Kuruthumu akamwambia bati, kama baba yake. Mabomba ni kwa sababu bati halipo, na likija atatengeneza vyote viwili. Akaandika bati. Akauliza kijijini kwao. Akamwambia Mtaa wa Mahiwa. Afisa akaandika Mahiwa.

"Jina la mume."

"Hapo piga mstari."

Aristides alipiga mstari harakaharaka, fomu ikiwa juu ya paja. Bi Kuruthumu akaja kusimama karibu naye, mikono kiunoni, akainama kuutazama.

"Umepinda," alisema. "Piga mwingine."

Afisa alimtazama, akamtazama Sadalla, akatazama lori. Kisha akaazima rula kwa Mwalimu Gaudens, akaiweka fomu juu ya kigoda cha Mzee Bushiri, akapiga mwingine, ulionyooka.